Kigingi Hakihami

Watu wa ukingoni walimwita Daktari wa Kambale, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Mtu mzima anavaa buti za mpira hadi kiunoni, anaingia mtoni, anavua samaki, anawakagua mapezi na macho, kisha anawarudisha majini na kwenda zake mikono mitupu. Utampa jina gani jingine? "Daktari, mgonjwa anaendeleaje?" walimuuliza kila akipita na ndoo zake. Naye aliwajibu, "Anakula, ila hataki kuongea," wakacheka wote. Mwanzoni utani huo ulikuwa mtamu. Baadaye, kila akiulizwa hali ya mgonjwa, moyo ulimlipuka kama mtu aliyeshikwa ugoni.

Kazi yenyewe haikuwa ya kichekesho. Ofisi ya mto ilikuwa na chupa na dawa za kupimia maji, lakini maji ni mwongo mkubwa: leo kiwanda kinamwaga, kesho hakimwagi, na ukichota hiyo kesho utaandika kwamba mambo ni shwari. Samaki hawana ujanja huo. Wao wanalala humo na kuamka humo. Ukitaka kujua kama nyumba ina dhiki, usimuulize mwenye nyumba, maana atakukaribisha kwa tabasamu. Tazama nani amehama. Mto nao husomwa hivyo hivyo. Kuna samaki wasiovumilia uchafu hata kidogo, na hao huondoka wa kwanza. Kuna wanaokula wadudu wa kwenye mawe. Wadudu wakifa, nao huaga. Mwisho hubaki kambale, ambaye angeweza kuishi hata kwenye karo la mwanamume mseja. Wavu ukishavutwa, aina zinahesabiwa, vidonda vinatazamwa, alama zinajumlishwa, na mto unapewa daraja lake: mzima, wa wastani, au mgonjwa.

Yule wa kuondoka kwanza kabisa alikuwa samaki mdogo mwenye mstari wa fedha ubavuni. Ofisini walimwita Bibi Harusi, kwa sababu anataka mawe safi na maji yanayotembea, na akiona tope tu anarudi kwao. Penye Bibi Harusi, mto hauwezi kuitwa mgonjwa.

Mkuu wa zamani, aliyemfundisha Daktari kazi, alikuwa na amri moja aliyoirudia mpaka ikawachosha masikio. Kigingi hakihami. Kila kituo cha kuvulia kilikuwa na kigingi cha chuma ukingoni, na wavu ulitupwa hapo hapo kila msimu, si juu wala chini. "Ukimpima mtoto leo na viatu, kesho pekupeku, utasema amekonda," mzee alisema. "Mtoto hajakonda. Wewe ndiye mjinga." Mwanafunzi wake alicheka siku hiyo, akaiweka amri moyoni, na wenzake wapya walipokuja akawa anawafundisha maneno yale yale kwa sauti ile ile.

Sasa, kituo kimoja kati ya vituo vya ofisi kilikuwa nyuma ya nyumba aliyokuwa akiishi.

Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya mama mkwe wake, vyumba viwili na jiko la nje, imebanwa kati ya ukuta wa jirani na mteremko wa mto kiasi kwamba ukifungua dirisha la nyuma mkono wako unaning'inia juu ya maji. Mama mkwe aliijenga kwa fedha za mchicha na sukumawiki alizozilima kwenye kijishamba cha pembeni, tofali baada ya tofali. Mwanawe wa pekee alipofariki, akamwacha Daktari mjane bila mtoto, ndugu walikuja wakaketi, wakakohoa, wakaanza kuzungumza kwa mafumbo kuhusu mjane kurudi kwao. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyu ni mwanangu. Atakayemfukuza anianze mimi." Maneno yakaishia hapo. Kwa wazazi wake mwenyewe Daktari hakuwa na mtu tena, walishatangulia wote. Kwa hiyo mtu akiuliza nyumba ile ilikuwa na maana gani kwake, jibu ni hilo.

Na sheria ilisemaje? Sheria ilisema mto ukitangazwa mgonjwa, lazima utibiwe. Kiwanda cha ngozi kilichokuwa juu, kilichotema maji ya rangi ya chai usiku na mchana, kitapewa barua kichimbe mabwawa ya kuchujia. Na nyumba za ukingoni, kwa kuwa vyoo vyake vinatiririkia mtoni, zitavunjwa. Haki sawa kwa wote, eti: kiwanda kinapewa barua, nyumba zinapewa tingatinga. Wenye nyumba wangepata viwanja huko mbali, nyuma ya machimbo ya mawe, palipokuwa na vumbi na ahadi.

Kabla ya mafuriko makubwa, kituo cha nyuma ya nyumba kilikuwa kimeshapata alama za chini mno, kimebakiza unywele kuangukia kwenye ugonjwa. Mafuriko yakaja, yakala ukingo, yakahamisha kona ya mto, yakaondoka na kigingi. Maji yalipopungua, mkuu wa zamani, ambaye wakati huo alikuwa akihesabu siku za kustaafu, alimtuma Daktari akakirudishe. "Wewe unapajua," alisema. "Ni kwenu."

Alikwenda peke yake na nyundo na chuma kipya. Kigingi cha zamani kilikuwa chini ya kona, lakini kona yenyewe haikuwepo tena. Alitembea majini akitafuta alama, mti huu, jiwe lile, na alipofika kwenye jiwe kubwa lenye mgongo, umbali wa kurusha kokoto kutoka pale alipodhani ni pale, alihisi baridi miguuni. Baridi ya kweli, iliyopenya mpira na soksi. Akainama. Chini ya jiwe, kutoka tumboni mwa ardhi, maji mengine yalikuwa yakiingia mtoni, meupe, yakisukuma yale ya rangi ya chai pembeni. Na humo, katika kale kanafasi kasikozidi ukubwa wa kitanda, mabibi harusi walikuwa wamejazana, mistari yao ya fedha ikipinduka. Wote waliosalia katika mto ule walikuwa wamekimbilia hapo, kama watu wa mtaa mzima wanavyojibanza chini ya baraza moja mvua ikinyesha.

Alijua anachokiona. Chemchemi ile haikuwa mto. Ilikuwa kimbilio la wakimbizi wa mto. Ukitupa wavu hapo utawapata wote, na utasema mto ni wa wastani, ilhali nje ya hapo ni kambale watupu. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Kisha akatazama juu, akaliona dirisha la nyuma, na mama mkwe wake akikung'uta kitambaa. Akajiambia kwamba kona imehama, nani ajuaye, labda palikuwa ni hapa hapa. Akakipigilia.

Msimu huo mto ukawa wa wastani. Mashine ya kupimia mahali ilipoletwa ofisini, vipimo vyake vikachukuliwa juu ya kigingi kipya, na pale pakawa ndipo. Hakuna aliyemlazimisha. Mgono, ule mtego wa kufuma, haumsukumi samaki kuingia; anaingia kwa mapezi yake mwenyewe, akitingisha mkia, na ni wakati wa kutoka tu ndipo anapogundua umefumwa namna gani.

Maana angalia alivyojifunga. Kuhusu kigingi hakuweza kusema neno. Lakini chemchemi nayo ilimbidi aifiche. Watu wakijua pana maji safi watachimba, watachota, watafulia. Mabibi harusi wataondoka, alama zitaanguka, tingatinga litakuja. Kwa hiyo akawa kimya kama maji mtungini. Mama mkwe akaendelea kupanda kilima na madumu yake hadi kioski cha barabarani, magoti yakimlia, na siku bomba zikikauka akaendelea kuchemsha maji ya mto mpaka sufuria ikaota ukoko wa kahawia. Mwanamke aliyesema "atakayemfukuza anianze mimi" alikunywa uchafu hatua chache kutoka kwenye maji matamu, na mkwewe akaketi naye mezani akanywa pia, kwa kuwa alidhani kunywa pamoja naye kunapunguza dhambi. Hakukupunguza kitu.

Mambo yakawa hivyo misimu mingi. Mkuu wa zamani akastaafu, akaja mkuu kijana, msafi, mwenye bidii, asiye na ubaya. Akatengeneza bango kubwa la ukutani: picha ya Bibi Harusi ameng'aa, na juu yake maneno kwamba mto umeanza kupona. Wageni walipigwa picha mbele ya bango hilo. Kiwanda kiliomba nakala, kikaitundika mapokezi.

Siku moja, jioni, Mama alikaa kibarazani akapandisha kanga yake. "Hebu nitazamie hapa, Daktari. Si unajua vidonda?"

Alitania. Daktari alichuchumaa. Kwenye miundi ya mama mkwe, pale maji ya mto yalipofika alipokuwa akimwagilia mchicha, palikuwa na madoa mekundu yenye ukingo mweupe. Alikuwa ameyaona mara ngapi madoa hayo? Yalikuwa na neno lake la kikazi, yalikuwa na safu yake kwenye karatasi ya kambale.

"Yanakuwasha tangu lini, Mama?"

"Ah, tangu zamani. Yanakuja, yanakwenda. Nilipaka mafuta ya taa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Wewe ni daktari wa samaki." Mama alicheka peke yake, akaishusha kanga.

Asubuhi iliyofuata alikwenda moja kwa moja kwa mkuu kijana. Hakuketi.

"Bosi, naomba tukihamishe kigingi cha kona. Tukirudishe chini kidogo."

Mkuu akaweka kalamu. "Kigingi, dada? Wewe? Wiki yangu ya kwanza hapa ulinisimamisha ukingoni ukaniimbia: kigingi hakihami. Nimewaambia mpaka wageni."

"Najua. Lakini pale tunapovulia hapafai. Pana maji mengine ya baridi yanaingia. Samaki wanajificha pale."

"Basi ndiyo tabia ya kituo. Tumevua hapo misimu yote, tutaendelea hapo ili tulinganishe. Tukihama leo, alama zikishuka, nitajuaje ni mto umeharibika au ni sisi tuliohama?" Alisema kwa upole kabisa, kama mwanafunzi anayemrudishia mwalimu somo lake. "Ama kuna jambo jingine? Sema, dada."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na ulifunguka kweli. Neno moja tu. Nilikihamisha. Alifungua kinywa, na alichokiona ni mama mkwe wake akisimama kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya machimbo, akiuliza ni nani aliyewaambia. Akafunga kinywa.

"Hakuna, bosi."

"Basi tuko pamoja." Na mkuu akachukua kalamu yake.

Alitembea kwa miguu kurudi nyumbani, akalipita bango, akapita mahali dereva wa ofisi alipokuwa akiosha gari. Dereva huyo, waliyemwita Breki kwa sababu hakuwa na haraka na chochote, alimpigia kelele, "Dada, mgonjwa anaendeleaje?" Akaendelea na njia yake. Kichwani mwake alikuwa amekwishaona njia moja iliyobaki, na hakuipenda. Kigingi hakihami, sawa. Lakini chemchemi inahamishika.

Alijua mwisho wake. Hakuna aliyemdanganya, naye hakujidanganya. Maji yale yakitolewa mtoni yakatiwa bombani, miundi ya Mama itapona, na watu wa ukingoni watakunywa maji ya kibinadamu kwa mara ya kwanza. Na kimbilio la samaki litakauka, wavu utaleta kambale watupu, na nyumba itavunjwa. Kutoka mkono ule ule, maji na tingatinga. Alimkuta Mama akichambua mchicha, akasema kabla hajapata nafasi ya kufikiri tena.

"Mama, nyuma ya lile jiwe lenye mgongo, chini kwetu, pana chemchemi."

Mama hakuuliza swali siku hiyo. Alikwenda akaingiza mkono, akayaonja, akapiga kigelegele kilichowatoa majirani majumbani mwao. Mtu mwenye magoti mabovu aligeuka msimamizi wa ujenzi. Alimtafuta fundi, akakusanya mchango, akagombana na mwenye saruji, akawapanga vijana kupokezana mawe. Wakajenga kisanduku cha saruji nyuma ya jiwe, kifuniko juu, pampu ndogo pembeni, bomba likapanda mteremko mpaka kwenye kibaraza chake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu. Watu wakapanga foleni na madumu. Na kila aliyeshukuru Mama alimwambia, "Usinishukuru mimi. Ni mkwe wangu aliyeona." Daktari alisikia hayo akiwa ndani, nyuma ya dirisha, akishika kingo zake kwa mikono miwili.

Msimu wa kuvua ukafika. Mkuu alikuja mwenyewe, na kamera, akitaka picha ya Bibi Harusi kwa bango jipya. Wavu ukatupwa kwenye kigingi, ukavutwa. Daktari alijua kwa uzito wake tu kabla haujatoka majini. Walikuwa kambale, weusi, wanaoteleza, wakifungua na kufunga vinywa. Aliwainua mmoja mmoja, akaita kwa sauti: kambale, kidonda. Kambale, kidonda ubavuni. Kambale. Breki alikuwa akiandika, na baada ya muda akaacha utani wake.

"Tupa tena," mkuu alisema.

Wakatupa tena. Wakatoka wale wale.

Mkuu alitazama kisanduku cha saruji kipya kinachong'aa nyuma ya jiwe, akatazama bomba, akamtazama yeye. Alikuwa kijana mwerevu. "Maji ya baridi," alisema polepole. "Ndiyo uliyoniambia."

"Ndiyo, bosi."

"Kwa hiyo mto wenyewe ni huu. Ulikuwa huu siku zote."

"Siku zote."

Hakumuuliza zaidi. Labda aliogopa jibu, kwa sababu yeye naye alikuwa na bango ukutani. Aliifunga kamera kwenye mkoba wake, akapanda gari akiwa na buti zake zenye tope.

Mto ukatangazwa mgonjwa. Kiwanda kikapewa barua, na baada ya muda kikaanza kweli kuchimba mabwawa, hilo halikuwa dogo. Ukingoni wakaja wanaume wawili na kopo la rangi nyekundu, wakianza nyumba ya chini kabisa kupanda juu, wakichora msalaba kwenye kila ukuta. Watu walipiga kelele, wengine walilia, wengine walibishana kuhusu nani atapanda lori la kwanza. Nyumba ya Mama ilikuwa ya tatu. Mchoraji alipofika alikuwa anatokwa jasho, na Mama alifungulia bomba akampa kikombe cha maji. Kijana wa watu aliyanywa yote ameinamisha macho, akasema, "Samahani, mama," kisha akachora msalaba wake kando ya dirisha.

Walipokwenda zao, Mama alikaa kibarazani karibu na bomba lake. Miundi yake ilikuwa imekauka, madoa yamebaki vivuli tu. Alikuwa akiyatazama maji yanayodondoka. Daktari alikaa ngazi ya chini yake, kama alivyozoea.

"Yana baridi sana, haya," Mama alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulikuwa unasimama pale. Kila msimu. Nilikuwa nakuona dirishani, na mabuti yako."

Daktari alilitazama lile jiwe lenye mgongo.

"Hukuwahi kuhisi baridi, mwanangu?"

Angeweza kusema buti ni nene. Jibu lilikuwepo, limeiva, amelitunza kwa misimu yote hiyo kwa ajili ya siku hii. Aligeuka amtazame mama mkwe wake ili aliseme, na alipouona uso wake alijua kwamba Mama alishalijibu swali mwenyewe, labda tangu siku ile ya kigelegele, na kwamba alikuwa amelibeba kimya kimya kama dumu, akipanda nalo na kushuka nalo.

"Nilihisi," alisema.

Mama aliitikia kwa kichwa. Hakulia, hakugomba. Alichukua kikombe kile kile alichonywea mchoraji, akakisuuza, akakijaza mpaka juu, akamkabidhi.

"Kunywa," alisema. "Kesho tuanze kufunga vyombo."

Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa. Yalikuwa na baridi ile ile.